Alichumia Juani, Wengine Wakala Kivulini: Maisha ya Curt Flood

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma.)



Nimeombwa nizungumze juu ya mchezaji mmoja mashuhuri wa besiboli. Natambua kwamba wengi wetu humu hatujapata kuuona mchezo huo ukichezwa. Hata hivyo, mtu ninayetaka kumweleza hakumbukwi kwa mchezo peke yake. Anakumbukwa kwa swali moja alilouliza, swali ambalo linamhusu kila mtu anayeishi kwa kuajiriwa: Je, mwajiri ananunua kazi ya mtu, au anamnunua mtu mwenyewe?

Kwanza tuufahamu mchezo, walau kwa juu juu. Besiboli huchezwa na timu mbili za watu tisa tisa. Mmoja hurusha mpira mdogo, mgumu. Wa timu ya pili hujaribu kuupiga kwa gongo la mti, kisha hukimbia kuzunguka vituo vinne. Akikamilisha mzunguko, timu yake hupata alama moja. Wapinzani wake hutawanyika uwanjani wakiwa wamevaa glavu, na kazi yao ni kuudaka mpira kabla haujagusa ardhi. Katika hao, mlinzi wa katikati ya uwanja wa nyuma ndiye mwenye eneo pana kuliko wenzake. Yampasa awe na mbio, macho makali, na akili ya kujua mpira utatua wapi tangu unapopigwa. Hapo ndipo alipocheza Curt Flood.

Flood alizaliwa tarehe 18 Januari, 1938, katika mji wa Houston, jimbo la Texas, akakulia Oakland, California, mtaani kwa watu weusi maskini. Mwaka 1956, alipomaliza shule ya sekondari, aliandikishwa na klabu ya Cincinnati kwa dola 4,000, akapelekwa kwenye timu za chini zilizokuwa majimbo ya Kusini ili akomazwe.

Ilikuwa imepita miaka 9 tangu Jackie Robinson aingie ligi kuu mwaka 1947 na kuvunja mwiko uliowafungia nje wachezaji weusi. Lakini mwiko ukivunjwa juu, haumaanishi kwamba umekwisha chini. Huko Kusini kijana Flood alilala mbali na wenzake, na timu ilipokuwa safarini hakuruhusiwa kula pamoja nao hotelini. Yeye mwenyewe alisimulia jinsi siku moja, katikati ya mechi mbili za siku hiyo hiyo, wachezaji walivyovua jezi zao na kuzitupa chungu moja ili zifuliwe. Mtunza chumba cha nguo alipoona jezi ya Flood imechanganyika na za weupe alipiga kelele, akaitenga kwa fimbo ndefu, ikapelekwa kwa dobi wa watu weusi. Wenzake walirudishiwa zao wakaenda uwanjani; yeye alibaki amekaa uchi akingojea yake. Mwaka wake wa kwanza huko alipiga vizuri kuliko karibu wote. Hilo halikubadili dobi wa kumfulia.

Mwishoni mwa mwaka 1957 Cincinnati ilimpeleka katika klabu ya Cardinals ya mji wa St. Louis. Hakuulizwa. Alikuwa na umri wa miaka 19, akakubali kama kila mchezaji alivyokubali.

Huko St. Louis alicheza miaka 12, tangu 1958 hadi 1969, na sifa zake zinajieleza. Alishinda tuzo ya mlinzi bora, yaani Glavu ya Dhahabu, mara 7 mfululizo, kuanzia 1963 hadi 1969. Msimu mzima wa 1966 hakufanya kosa hata moja la ulinzi, na alifikisha mechi 226 mfululizo bila kosa. Alichaguliwa mara 3 katika timu ya nyota wa ligi. Klabu yake ilitwaa ubingwa wa Marekani mwaka 1964 na mwaka 1967.

Nisimpambe kupita kiasi. Mwaka 1968, katika mechi ya 7 na ya mwisho ya kuwania ubingwa dhidi ya Detroit, mpira ulipigwa kuelekea kwake, akakosea kuukadiria. Alianza kwenda mbele, akateleza alipogeuka, mpira ukampita juu. Detroit walipata alama 2 papo hapo na hatimaye ubingwa. Mlinzi bora kuliko wote alikosea siku ambayo taifa zima lilikuwa linatazama. Ndivyo binadamu alivyo.

Mwaka 1969 Flood alikuwa akilipwa dola 90,000 kwa mwaka. Wastani wa mshahara wa mchezaji wa ligi kuu mwaka huo ulikuwa dola 25,000 hivi, na mfanyakazi wa kawaida wa kiwandani alipata sehemu ndogo tu ya hizo. Nawaomba mkumbuke tarakimu hiyo ya 90,000, kwa sababu ndiyo iliyotumiwa baadaye kumpinga.

Mwezi Oktoba mwaka huo alipata habari kwa simu kwamba yeye na wenzake 3 wamehamishiwa klabu ya Philadelphia, kwa kubadilishana na wachezaji wengine. Miaka 12 ya kazi, na nyumba, na marafiki, na shughuli alizokuwa nazo St. Louis, yote yalifungwa kwa simu moja.

Ndugu zangu, hapa nadhani baadhi yenu mnatabasamu. Kila mwalimu aliyemo humu anaijua barua ya uhamisho. Mtu yuko Tanga, anaambiwa afike Sumbawanga kabla muhula haujaanza. Basi mtauliza, huyu Flood alikuwa na jambo gani la ajabu?

Tofauti ni hii. Mtumishi anayehamishwa huhamishwa na mwajiri wake kwenda kituo kingine cha mwajiri yule yule. Asipopenda, anaweza kuandika barua ya kuacha kazi, na kesho yake akaomba kufundisha katika shule ya mtu mwingine. Itakuwa shida, lakini mlango upo. Flood hakuwa na mlango. Alikuwa akitolewa kwa mwajiri mmoja na kukabidhiwa kwa mwajiri mwingine, na akikataa hapakuwa na klabu nyingine yoyote ya ligi kuu iliyoruhusiwa kumpa kazi. Alikuwa na njia mbili: aende Philadelphia, au aache kazi aliyoijua tangu utoto.

Jambo hili lilitokana na kifungu kilichokuwamo katika kila mkataba. Asili yake ni mwaka 1879, pale wenye klabu walipokubaliana kwamba kila klabu itajiwekea wachezaji 5 ambao wengine hawatawagusa. Baadaye wakakipanua kifungu hicho kiwahusu wachezaji wote. Maneno yake yalisema kwamba mkataba ukiisha, klabu inaweza kuurefusha kwa mwaka mmoja kwa masharti yale yale. Wenye klabu walilitafsiri hivi: kwa kuwa masharti yale yale ni pamoja na kifungu chenyewe, basi mwaka huo mmoja huzaa mwaka mwingine, na huo huzaa mwingine, milele. Kijana akitia sahihi akiwa na miaka 18, amejifunga hadi siku klabu itakapochoka naye.

Mtauliza tena, sheria ilikuwa wapi? Marekani ilikuwa na sheria ya kupinga ukiritimba tangu mwaka 1890. Lakini mwaka 1922 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba besiboli haimo katika sheria hiyo, kwa hoja kwamba mechi ni maonyesho ya mahali pamoja, wala si biashara inayovuka mipaka ya majimbo. Mwaka 1953 mahakama hiyo ikaurudia uamuzi huo. Ajabu ni kwamba ngumi na kandanda ya Kimarekani zilipofikishwa mahakamani katika miaka iliyofuata, hazikupewa msamaha huo. Ulikuwa wa besiboli peke yake.

Huo ndio ukuta aliouendea Curt Flood. Alikuwa ameonja mahakama kabla ya hapo. Mwaka 1964 alikodi nyumba katika mji wa Alamo, California, na mwenye nyumba alipogundua kwamba mpangaji wake ni mweusi alitishia kutumia bunduki. Flood alikwenda kwa hakimu, akapata amri, akahamia.

Safari hii alikwenda kwanza kwa Marvin Miller, mkuu wa chama cha wachezaji, mtu aliyetokea katika chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma. Miller hakumdanganya. Alimwambia kwamba uwezekano wa kushinda ni mdogo. Kwamba hata akishinda, umri wake utakuwa umepita. Na kwamba wenye klabu hawatamsahau, hatapata kamwe kazi ya ualimu wa timu wala nyingine yoyote katika mchezo huo. Flood aliuliza jambo moja: Je, wachezaji wengine na watakaokuja watafaidika? Miller akajibu kwamba watafaidika. Flood akasema hilo linamtosha.

Mwezi Desemba 1969 alisimama mbele ya wajumbe wa chama hicho katika mji wa San Juan, Puerto Rico. Mmoja alimwuliza kama anafanya hivi kwa sababu ni mweusi. Flood alijibu kwamba kuwa mweusi kumemfanya auone uonevu upesi zaidi, lakini analolipigania ni la kila mchezaji. Wajumbe wote 25 walipiga kura ya kumsaidia, na chama kikamtafutia wakili, Arthur Goldberg, aliyewahi kuwa jaji wa Mahakama ya Juu.

Tarehe 24 Desemba alimwandikia barua Kamishna wa mchezo, Bowie Kuhn. Ilikuwa barua fupi na ya heshima. Alisema kwamba baada ya miaka 12 hajioni kuwa mali ya kununuliwa na kuuzwa pasipo kujali matakwa yake, akaomba klabu zote ziarifiwe kwamba yu tayari kupokea maombi yao. Kamishna alijibu kwamba anakubali binadamu si mali, ila haoni jinsi jambo hilo linavyohusika na mkataba. Januari 1970 Flood alifungua kesi.

Hapo ndipo dola 90,000 zilipotajwa kila mahali. Magazeti mengi yalimkejeli: mtumwa gani huyu anayelipwa fedha zote hizo? Flood alilijibu swali hilo katika televisheni, kwamba mtumwa anayelipwa vizuri ni mtumwa bado. Jibu hilo liliwaudhi wengi, na barua za matusi na vitisho zilimfikia kwa wingi. Lakini hoja yake haikuwa kwamba mateso yake yalingana na ya babu zake mashambani. Alisema kwamba ukubwa wa mshahara hauwezi kugeuza mauzo yakawa ajira. Ukimlisha ng'ombe majani mazuri, hujamfanya mshirika wako.

Wenye klabu nao walikuwa na hoja, na haki inatutaka tuisikie. Walisema kwamba wachezaji wakiachwa huru, klabu tajiri zitawakusanya wote walio bora, klabu maskini zitakufa, na mchezo utakufa pamoja nazo. Ni hoja yenye sura ya busara, na wachezaji wengi wenyewe waliiamini.

Kesi ilisikilizwa New York mwezi Mei na Juni 1970. Jackie Robinson, ambaye wakati huo alikuwa mgonjwa na mvi zimemjaa, alikuja kutoa ushahidi upande wa Flood. Hank Greenberg, mchezaji maarufu wa zamani, naye alikuja. Lakini, ndugu zangu, hakuna hata mchezaji mmoja aliyekuwa akicheza wakati ule aliyekuja kutoa ushahidi, au hata kuketi nyuma yake mahakamani. Mioyoni walikuwa naye. Hazina ya chama chao ndiyo iliyolipa mawakili. Lakini kila mmoja alikuwa na mkataba wa kutia sahihi mwaka unaofuata, na kila mmoja aliogopa kuonekana.

Mwezi Agosti hakimu alitoa hukumu dhidi yake. Flood hakucheza msimu mzima wa 1970, akapoteza mshahara wa karibu dola 100,000 ambao Philadelphia ilikuwa tayari kumlipa, akaenda kukaa Copenhagen, Denmark. Mwaka 1971 madeni yalimrudisha. Alitia sahihi na klabu ya Washington kwa dola 110,000. Akacheza mechi 13 tu. Mikono haikuwa ile tena, wala miguu. Mwishoni mwa Aprili aliondoka bila kuaga, akamwachia mwenye klabu simu ya maandishi, akaenda Hispania. Alikuwa na umri wa miaka 33.

Tarehe 19 Juni, 1972, Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi wake. Majaji 5 walikuwa dhidi ya Flood, 3 upande wake, na mmoja alijitoa kwa kuwa alikuwa na hisa katika kampuni ya bia ya mwenye klabu ya St. Louis. Jaji Harry Blackmun, aliyeandika kwa niaba ya walio wengi, alianza kwa kuusifu mchezo na kutaja majina ya wachezaji wengi wa zamani. Kisha akakiri kwamba besiboli ni biashara inayovuka majimbo, na kwamba msamaha wake ni jambo lisilolingana na sheria nyingine. Hata hivyo, alisema, kosa lililodumu miaka 50 lirekebishwe na Bunge. Yaani mahakama iliona kwamba njia imepinda, ikaamua kwamba kwa kuwa imepinda siku nyingi, iachwe.

Katika wale 3 waliopinga alikuwamo Jaji William Douglas, aliyesema anaijutia kura yake ya mwaka 1953. Alikuwamo pia Thurgood Marshall, jaji mweusi wa kwanza wa mahakama hiyo. Jina hilo si geni Afrika ya Mashariki. Mwaka 1960 Marshall ndiye aliyekuwa mshauri wa wajumbe wa Kiafrika wa Kenya katika mkutano wa katiba wa Lancaster House, London, akawaandalia rasimu ya hati ya haki za binadamu. Mtu aliyewaza juu ya haki za raia wa nchi inayokaribia uhuru hakuona shida kumwelewa mchezaji aliyesema hataki kuwa mali.

Flood alishindwa, basi. Lakini kesi ile ilikuwa imewafumbua watu macho. Kwa mara ya kwanza Wamarekani walijua mikataba ya mashujaa wao inasemaje, na wachezaji wenyewe walianza kukisoma kile walichokuwa wakikitia sahihi. Mwaka 1973 chama chao kilipata sharti kwamba mchezaji mwenye miaka 10 katika ligi kuu, 5 ya mwisho akiwa na klabu moja, hawezi kuhamishwa bila ridhaa yake. Watu wakaliita sharti la Curt Flood. Lingalikuwapo mwaka 1969, lingalimlinda yeye kikamilifu.

Tarehe 23 Desemba, 1975, ukuta ulianguka. Wachezaji wawili, Andy Messersmith na Dave McNally, walikuwa wamekataa kutia sahihi mkataba mpya wa msimu huo. Msuluhishi Peter Seitz aliamua kwamba mwaka mmoja maana yake ni mwaka mmoja. Ukiisha, mtu yu huru. Wenye klabu walimfukuza Seitz papo hapo, wakaenda mahakamani, wakashindwa. Mwaka 1976 walikubaliana na chama kwamba mchezaji akitimiza miaka 6 ataweza kuchagua mwajiri.

Je, mchezo ulikufa? Tazameni wenyewe. Chini ya kifungu cha zamani, klabu moja, Yankees ya New York, ilitwaa ubingwa miaka 5 mfululizo, 1949 hadi 1953. Baada ya kifungu kuondoka, kati ya 1978 na 1987, ubingwa ulikwenda kwa klabu 10 tofauti katika miaka 10. Mwaka 1980 wastani wa mshahara ulikuwa umepita dola 140,000. Siku hizi unahesabiwa kwa mamilioni. Hofu iliyohubiriwa kwa miaka karibu 100 haikutimia.

Na Flood? Alirudi kwao akiwa hana fedha, akiwa amesumbuliwa na ulevi. Alifanya kazi kidogo ya utangazaji, akasimamia michezo ya vijana huko Oakland. Kama Miller alivyoonya, hakuna klabu iliyompa kazi ya kufundisha timu. Alifariki tarehe 20 Januari, 1997, kwa maradhi yaliyotokana na saratani ya koo, siku mbili baada ya kutimiza miaka 59. Mwaka 1998 Bunge la Marekani lilipitisha sheria yenye jina lake, iliyowaondoa wachezaji wa ligi kuu katika ule msamaha wa 1922. Iliwachukua watunga sheria miaka 26 kulifanya lile ambalo mahakama iliwaachia, na mwenyewe hakuliona.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Kwa Curt Flood methali hiyo ilikwenda upande. Yeye alichumia juani, wengine wakala kivulini, na wengi wa walioketi kivulini hawakumjua aliyeupanda mti.

Ndugu Mwenyekiti, namaliza kwa mambo mawili. La kwanza ni kwa kila mmoja wetu anayetia sahihi karatasi ya kazi: aisome. Kifungu kilichowafunga watu kwa karibu miaka 100 kilikuwa kimeandikwa waziwazi, na kilidumu kwa sababu watu walikizoea. La pili ni gumu zaidi. Kura 25 za San Juan zilikuwa jambo jema, na fedha za chama zilikuwa jambo jema. Lakini siku ya mahakama, viti nyuma ya Flood vilikuwa vitupu. Chama kinaweza kumlipia mtu wakili. Hakiwezi kuketi mahali pake. Tunapomwona mwenzetu amesimama peke yake kudai jambo ambalo sote tutalifaidi, ofisini au shuleni, tusingoje mpaka ashinde ndipo tumpongeze. Twende tukaketi nyuma yake.